SEHEMU YA 4: UNGA WA KOPO HAUPANGI SELI ZAKO

Tuendelee wapendwa. Leo nasema na ndugu zetu wanaouza unga wa kopo eti "unarekebisha maikroRNA". Ndiyo, wameshafika huko. Walianza na kutoa sumu mwilini, wakaja na seli shina, na tangu Victor Ambros na Gary Ruvkun wapewe Nobel ya 2024, makopo nayo yamepata msamiati mpya.

Kitu chenyewe kipo kweli, ndiyo maana uongo huu unanoga. Seli ya ini na seli ya ubongo zina jeni zilezile. Tofauti ni zipi zinafanya kazi, na kwa kiwango gani. Jeni ikitaka protini itengenezwe inatoa kopi, RNA mjumbe, kama daktari anavyoandika cheti kiende dirisha la dawa. MaikroRNA ni kipande kifupi mno, herufi kama 22 tu, kinachonata kwenye cheti hicho. Kikinata, protini inatoka kidogo au haitoki kabisa. DNA yako haijaguswa.

Ambros na wenzake waliiona ya kwanza kwenye mnyoo wa milimita moja, wakachapisha 1993. Watu wakaona hayo ni mambo ya mnyoo. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikatoa nyingine, let-7, na hiyo hata sisi binadamu tunayo. Leo kwa binadamu zinajulikana zaidi ya elfu moja.

Sasa muuzaji anasema kopo lake "linaongeza maikroRNA nzuri". Nzuri ipi, kaka?

Chukua miR-122. Ndiyo iliyojaa kuliko zote kwenye ini. Kirusi cha homa ya ini C kinaitegemea ili kizaliane. Basi tuipunguze? Walijaribu, kwa dawa ya sindano inaitwa miravirsen. Matokeo yalitoka 2013: sindano 5, moja kila wiki, na virusi vikapungua kweli. Lakini panya waliotengenezwa bila miR-122 walipata ini lenye mafuta, baadaye saratani ya ini. Kitu kilekile! Kwa huyu kinasaidia kirusi, kwa yule kinalinda ini. Kopo lako linaipandisha au linaishusha? Na linajuaje ini la nani ni la nani? (Homa ya ini C siku hizi inapona kwa vidonge, wengi wiki 12 tu. Usiende kwenye kopo.)

Au miR-155. Seli za kinga zinaihitaji, panya wasio nayo kinga yao inayumba. Ikizidi, unaikuta kwenye baadhi ya saratani za mitoki.

Waliosomea haya maisha yao yote wameshaungua. Kulikuwa na dawa inaitwa MRX34, iliyoiga miR-34, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisigawanyike ovyo. Kwa maelezo ilivutia sana. Mwaka 2016 jaribio likasimamishwa: kinga za wagonjwa zilichachamaa, na wagonjwa 4 wakafariki. Hao walikuwa na madaktari, vipimo na kamati ya usalama. Wewe una kopo na namba ya WhatsApp.

Mnapenda pia kutaja utafiti wa China wa 2011, kwamba maikroRNA ya mchele ilionekana kwenye damu ya watu. Mnaishia hapo. Hamsemi kwamba maabara nyingine zilirudia zikakosa kiasi chochote cha maana. Kila ukila maharage na dagaa unakula maikroRNA zao. Tumbo linazisaga kama linavyosaga vingine.

Kinachoniuma siyo elimu yao mbovu. Ni mama mwenye uvimbe kwenye titi, mdogo, hauumi, anauguza kwa kopo miezi sita kwa sababu ameambiwa "seli zinajipanga upya". Tunampokea wodini titi limepasuka, linatoa harufu, mikono yake inatetemeka akivua kanga. Pesa ya kipimo iliisha kwenye kopo la tatu. Nikiosha kile kidonda huwa sina hamu ya kumsikia mtu akiniambia "kila mtu na imani yake".

Na wewe muuguzi mwenzangu unayepiga picha na kopo ukiwa ndani ya sare, wewe ndiye mbaya zaidi. Mgonjwa hanunui ule unga, ananunua hiyo sare yako. Vua kwanza, kisha uuze.

Wauzaji, komenti ziko wazi. Niandikieni maikroRNA ipi, kwenye seli gani, inapanda au inashuka, na nani alipima. Ushuhuda wa shangazi naufuta.

Kesho Sehemu ya 5: kwa nini maikroRNA zinapimwa kwenye damu kutafuta saratani mapema, na kwa nini kipimo hicho bado hakijachukua nafasi ya daktari kukata kinyama cha uvimbe na kukipeleka maabara.