Tutandike nyua bila ya kumsahau jirani

Ni jambo la kupendeza kuona wananchi wengi wa Unguja na Pemba wakizitunza nyumba zao kwa kutandika vitofali au mawe uani na kwenye njia ya gari. Vumbi la kaskazi na tope la masika hupungua. Juhudi hiyo hatuibezi.

Hata hivyo, lipo jambo linalosahauliwa, nalo ni maji. Ua wa mita za mraba 100, inaponyesha mvua ya milimita 50, hupokea lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Ardhi ikiwa wazi, hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Nafasi baina ya vitofali zinapozibwa kwa saruji, karibu yote humiminika njiani, na kutoka njiani huingia kwa jirani aliye bondeni. Maji ya kifuu bahari ya chungu: yale ambayo kwa mwenye ua ni mfereji tu, kwa mkaazi wa bondeni ni gharika.

Hasara haiishii hapo. Maji tunayokunywa visiwani hutoka kwa wingi chini ya ardhi, na mvua ndiyo inayoyarejesha. Kisima cha karibu na pwani kikitekwa kuliko kinavyojazwa, huingiwa na maji ya chumvi.

Dawa yake si ghali. Fundi ashindilie kokoto, atandaze mchanga juu yake, na aupe ua mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita moja, kuelekea bustanini au kwenye shimo la mawe ndani ya kiwanja chenyewe, mbali na msingi wa nyumba, kisima na choo. Nafasi baina ya vitofali zijazwe mchanga au kokoto ndogo. Pasipopita gari, ardhi iachwe wazi.

Kwa upande wa Serikali, tunashauri mamlaka zinazohusika, zinapotoa kibali cha kujenga, ziulize pia maji ya ua yatakwenda wapi. Aidha, nyua za ofisi za umma ziwe za mwanzo kutengenezwa hivyo, kwani ni vigumu kumlaumu mwananchi kwa kumwaga maji njiani ikiwa ofisi inayompa kibali nayo inafanya vivyo hivyo.

Ua ni mali ya mwenye nyumba. Maji yanayotoka humo ni jukumu lake pia.