Redio za Mkononi: Zinafaa, Lakini Si kwa Kila Jambo

Mwezi huu mama mwenzetu mmoja ametuomba tumweleze kuhusu zile redio ndogo za kuzungumzia, ambazo wengi wetu tunaziita redio koli na watoto huziita woki-toki. Mumewe amerudi safarini na jozi moja, akamwambia kwamba sasa gharama ya vocha imekwisha: yeye atakuwa shambani na redio moja, dada wa kazi atakuwa nyumbani na nyingine pamoja na mtoto, nao wataongea bure kutwa. Mama huyo anauliza kama ni kweli, na kama anaweza kumwacha mtoto wa miezi 7 kwa kutegemea chombo hicho.

Kabla ya kumjibu, tueleze kwanza yaliyotupata sisi wenyewe, maana yalitufundisha kuliko maandishi yote ya kwenye boksi.

Mwaka 2023 wakati wa likizo tuliwapeleka watoto Lushoto, akina mama 5 na watoto 11. Asubuhi moja tuliondoka mjini kwa miguu kwenda Irente, pale penye mwamba ambapo ukisimama unaiona nyika ya Mazinde iko chini kabisa kama mkeka ulioanikwa. Watoto wakubwa na mama mmoja walitangulia, sisi tukabaki nyuma na wadogo. Redio moja ilikuwa mbele, nyingine nyuma. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Watoto wakaulizana mafumbo kwa redio na kucheka. Kisha njia ikapinda, kilima kikaingia kati yetu na wenzetu, na mtoto mmoja mwenye pumu akaanza kubanwa kifua. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa katika mkoba uliotangulia. Hilo lilikuwa kosa letu, wala hatulikatai.

Tulibonyeza redio, tukaita, tukaita tena. Jibu lilikuwa mkwaruzo tu. Tukapiga simu, iliita mpaka ikakatika, na baadaye tuligundua kuwa ilikuwa ndani ya mkoba uleule, chini ya khanga. Boksi la redio lilikuwa limeandikwa kilometa 10, na wenzetu hawakuwa wametutangulia hata kilometa 2!

Ndipo mmoja wetu, ambaye si fundi wa kitu chochote, alipoinyakua ile redio, akavua viatu, akapanda kwenye matuta ya shamba la kabichi mpaka juu ya kilima. Alipofika juu aliita mara moja tu, akajibiwa. Kijana mmoja alirudi mbio na mkoba, mtoto akavuta dawa, na baada ya muda kifua kikafunguka. Mama yake alikaa chini njiani, akashindwa kusimama kwa muda mrefu kuliko mtoto mwenyewe.

Kwa nini juu ya kilima alisikika na chini hakusikika? Sauti ya redio hizi husafiri karibu sawa na mwanga wa tochi. Penye uwazi hufika mbali, lakini ikikutana na kilima, jengo la zege au msitu mnene hudhoofika au hukoma kabisa. Hata tambarare ina mwisho wake. Watu wawili wa kimo cha kawaida wakisimama uwandani, mviringo wa dunia huanza kuwakinga baada ya kilometa 10 hivi. Zile kilometa nyingi zinazotangazwa kwenye maboksi, nyingine hata 50 na zaidi, hupatikana mtu mmoja akiwa kileleni na mwingine bondeni bila kizuizi kati yao. Mtaani kwetu, penye nyumba zilizobanana, jozi ndogo ya kawaida ikifika kilometa moja imejitahidi.

Udogo wenyewe nao una bei yake. Tunaupenda kwa sababu redio inaingia mfukoni na mtoto anaweza kuishika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani walikuwa na redio ya kushika mkononi iliyokuwa na uzito wa kilo 2 na zaidi, na hiyo ndiyo iliyohesabiwa kuwa nyepesi! Lakini redio ikiwa ndogo, antena nayo hufupishwa na betri hupunguzwa. Nyingi za hizi ndogo hutoa nguvu ya nusu wati. Wauzaji watakuambia ununue ya wati 5 ili ufike mbali mara kumi. Si kweli. Hata penye uwazi mtupu, nguvu ikiongezwa mara 4, umbali huongezeka mara 2 tu, na penye vilima haiongezi mengi. Kupanda juu ya kichuguu kunaweza kukusaidia kuliko betri kubwa.

Pamoja na hayo, hatutaki mtu azitupe. Redio hizi zina jambo moja ambalo simu haina: hazihitaji mnara. Redio husema na redio moja kwa moja. Mtandao wa simu ukikatika, au umeme ukipotea siku mbili na minara ikazima, wewe na jirani yako bado mtasikilizana. Haziombi vocha. Tena mtu mmoja akisema, wote walio kwenye chaneli ile husikia kwa pamoja, jambo linalofaa sana kwenye harusi, kwenye msiba mkubwa, au mnaposafiri kwa magari matatu na moja likapata pancha. Kwenye msiba mmoja mwaka jana tuliwapa akina mama wa jikoni redio moja na waliokuwa wakigawa chakula nyingine, na kwa mara ya kwanza wali haukuisha upande mmoja huku ukimwagwa upande mwingine.

Kuzitumia kunahitaji kujifunza kidogo. Hamwezi kusema wote wawili kwa wakati mmoja kama kwenye simu. Unabonyeza kitufe, unangoja kidogo kama sekunde moja, ndipo unasema. Usipongoja, neno la kwanza humezwa, na 'usije' hufika ikiwa 'je'. Ukimaliza achia kitufe, maana ukiendelea kukishika husikii kitu, na unawaziba wenzako wote. Watoto ndio wenye kosa hili. Shika redio wima, mbali kidogo na mdomo, wala usiiache kiunoni ukitegemea itasikika vizuri, kwa kuwa mwili wako nao ni ukuta.

Sasa turudi kwa mama yetu na mtoto wake. Jambo la kwanza tunalomwambia ni kwamba mazungumzo hayo si ya siri. Yeyote mwenye redio ya masafa hayohayo aliye karibu anaweza kuyasikia. Kwenye redio nyingine utaona namba za ziada zinazoitwa namba za faragha, lakini jina hilo linadanganya: zinakuzuia wewe kuwasikia wengine, haziwazuii wengine kukusikia wewe. Kwa hiyo usiseme redioni kwamba Baba hayupo leo, au kwamba dada yuko peke yake na mtoto, au ufunguo umewekwa wapi. Mfundishe dada hivyo hivyo.

La pili, redio si mlinzi wa mtoto. Haisemi mpaka mtu aibonyeze, na mtoto wa miezi 7 habonyezi. Zipo zinazojifungua zenyewe zikisikia sauti, lakini mara nyingi hukata mwanzo wa sauti, na kilio hafifu huenda zisikisikie kabisa. Zaidi ya hayo, betri ikiisha kwa dada, wewe huku shambani hutaambiwa. Utaona kimya tu, na kimya cha betri iliyokwisha kinafanana kabisa na kimya cha mtoto aliyelala. Hilo ndilo linalotutisha sisi kuliko yote. Kama mnazitumia, wekeaneni saa: kila nusu saa dada aite, hata kama hakuna jambo. Asipoita, usisubiri, nenda nyumbani.

Kuhusu betri, kumbuka kwamba kusema kunakula umeme mwingi kuliko kusikiliza. Tunapendelea redio zinazotumia betri ndogo kama za rimoti, kwa sababu hupatikana dukani hata kijijini. Zile za kuchaji ni nzuri kama umeme upo, ila betri ikivimba usiichaji tena, na usiiache redio juani ndani ya gari.

Kuna pia suala la sheria, ambalo wanaume wetu hulisahau wakiwa madukani ugenini. Ulaya redio za nusu wati zenye masafa ya megahezi 446 hutumiwa bila leseni, na Marekani wana masafa yao mengine ya megahezi 462 na 467. Ruhusa ya nchi ile haisafiri pamoja na redio. Kwetu Tanzania masafa yanasimamiwa na TCRA, na Kenya na Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Ulizeni kwao kabla ya kuzitumia, hasa zile za wati 5 zinazoweza kuingia kwenye masafa ya watu wengine. Huwezi kujua unamziba nani, pengine ni gari la wagonjwa.

Basi mama, fanya hivi. Siku moja mtoto akiwa na bibi yake, mwachie dada redio moja, uende shambani na nyingine kwa njia yako ya kila siku. Kila baada ya hatua 100 muite. Panapokatika sauti, weka jiwe. Huenda ni pale penye miembe, huenda ni mtoni. Kama jiwe limeangukia upande wa huku kabla ya shamba lako, redio hizo wape watoto wachezee kwa ruhusa ya wahusika, na vocha endelea kununua.