"Ulikuwa wapi siku zote?" si swali la kumuuliza mzazi

Mzazi aliyewahi kuchelewa kumfikisha mtoto zahanati analijua swali hili. Mtoto yuko mgongoni anachemka, mama ametoka nyumbani alfajiri, na neno la kwanza analopokea kabla hata ya kukaa ni: "Ulikuwa wapi siku zote?"

Wanaouliza hivyo si lazima wawe watu wabaya. Wengi wana hofu ileile aliyonayo mama, kwa kuwa wanajua kwamba mtoto mwenye malaria aliyeletwa siku ya kwanza na yule aliyeletwa siku ya nne ni wagonjwa wawili tofauti. Lakini swali lenyewe halina jibu. Mama hawezi kusema "nilikuwa natafuta nauli" mbele ya benchi lililojaa majirani, wala "baba yake alikuwa safarini", wala "nilikuwa kwa mganga". Anainamisha kichwa, anasema "jana tu", na tabibu anaandika kwamba homa imeanza jana.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Mara nyingi tukizungumzia lugha nzuri hospitalini tunaifanya jambo la adabu tu, kama tabasamu la mwenye duka. Mimi naiona ni kifaa cha kazi, kama kipimajoto. "Homa imeanza lini?" na "Ulikuwa wapi siku zote?" yote mawili yanatafuta taarifa moja. La kwanza huipata, la pili huifukuza.

Chukua Tura. Ni kata ya Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, kwenye Reli ya Kati, upande wa mashariki wa mkoa ukitokea Itigi. Mkoa wa Tabora ndio uliokuwa na kiwango kikubwa zaidi cha malaria katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022: katika kila watoto 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa, 23 walikutwa na vimelea, wakati wastani wa kitaifa ulikuwa 8. Maana yake, huko homa ya mtoto si habari. Mama ameiona mara nyingi, mara nyingi imepita kwa vidonge vya dukani, naye haoni sababu ya kuacha palizi au kazi ya tumbaku kwa homa ya jioni moja. Kuchelewa kwake kuna hesabu ndani yake. Hesabu hiyo inaweza kuwa na makosa, tena makosa ya hatari, lakini kumwita mzembe hakumsaidii kuihesabu upya.

Halafu kuna degedege. Sehemu nyingi za nchi yetu, mtoto akianza kukakamaa, kugeuza macho na kutetemeka, wazee husema hayo si ya hospitali. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliikuta imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Ukiitazama kutoka upande wa mzazi, unaona ilikotoka: mtoto amefikishwa akiwa hoi, amechomwa sindano, amefariki, na jirani aliyekuwepo ameunganisha mambo mawili. Kwa tabibu, degedege pamoja na homa ni dalili ya hatari. Huenda malaria imekuwa kali na kuathiri ubongo, na kila saa inayopita ina gharama yake.

Sasa fikiria mama anayefika na mtoto mwenye chale mbichi kifuani. Muuguzi amekwisha kuona, hana haja ya kuambiwa ametoka wapi. Atakachosema hapo kitaamua kama mama atataja mtoto alinyweshwa nini tangu juzi, jambo ambalo linaweza kubadilisha matibabu. Kitaamua pia kama jirani wa mama huyo, mtoto wake akiugua mwezi ujao, atakuja moja kwa moja au atapitia kulekule. Mama akifokewa, habari hutangulia kijijini kabla yeye hajarudi: "Pale usiende, watakudhalilisha." Atakayelipia maneno hayo ni mtoto mwingine kabisa, ambaye muuguzi hajamwona bado.

Hali ni hiyohiyo kwa mjamzito aliyekunywa dawa ya mitishamba ili kuharakisha uchungu. Baadhi ya dawa hizo hukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, na mama akiongezewa dawa ya uchungu hospitalini bila wao kujua, mfuko unaweza kupasuka. Taarifa hiyo haimo kwenye kadi ya kliniki wala kipimo cha kuipata hakipo. Anayo mama peke yake, na ataitoa kama ana hakika hatachekwa.

Tura inanipa sababu nyingine ya kuichagua. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo maana yake ni "tua", yaani tua mzigo. Misafara iliyotoka pwani ilipita Ugogo, ikavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, ndipo ikaingia Tura, mlango wa Unyamwezi. Wapagazi walikuwa wamebeba kilo 30 na zaidi kwa wiki nyingi. Waliougua ndui au kuishiwa nguvu njiani, wengi waliachwa, kwa kuwa msafara haukusubiri mtu.

Lakini njia hiyohiyo ndiyo iliyokuza utani. Mnyamwezi aliyefia kwa Wazaramo au Wazigua, mbali na ndugu zake, alikuwa na watani wenye wajibu wa kumzika. Siku hizi tunaukumbuka utani kwa matusi ya msibani na kuchukuliana vitu, ila chini yake kulikuwa na jambo zito: watu wasio ndugu waliweka utaratibu wa kutunzana, kwa sababu walijua mtu akichoka, huruma ya moyoni peke yake humwishia. Sisi kwenye afya tunafanya kinyume. Tunamhubiria muuguzi awe na huruma, halafu hatuweki utaratibu wowote wa kuibeba huruma hiyo saa nane za usiku.

Kwamba utaratibu unasaidia si maneno yangu tu. Mkoani Tanga, katika wilaya za Korogwe na Muheza, kulifanyika mradi wa utafiti ulioitwa Staha, ulioanza mwaka 2011, kuhusu jinsi wanawake wanavyotendewa wakati wa kujifungua. Walipoulizwa wakiwa wanatoka kituoni, asilimia 19 hivi walisema walitendewa vibaya kwa namna fulani. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, idadi ilipanda hadi asilimia 28. Mambo waliyoyataja zaidi yalikuwa kupuuzwa, kufokewa na kuambiwa maneno ya kejeli au vitisho.

Tofauti hiyo ya 19 na 28 nawaomba wakuu wa vituo waisome mara mbili. Mama aliye mlangoni na kichanga mkononi hasemi yote. Anajua atarudi pale kwa chanjo.

Baada ya hapo wananchi na watumishi wa Korogwe walikaa pamoja, wakakubaliana juu ya mkataba wa huduma kwa mteja, kisha hospitali ikachagua mambo ya kurekebisha. Mambo yenyewe yalikuwa madogo ajabu. Waliweka mapazia kwenye chumba cha kujifungulia. Mama akipokelewa, alipimwa mahali pa faragha. Dawa na vifaa vilivyokwisha viliandikwa na kubandikwa ukutani ili kila mtu aone. Mtumishi mwenye lugha mbaya aliitwa akazungumziwa. Tena watumishi wa zamu wakapatiwa chai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikadiria kwamba uwezekano wa mama kutendewa vibaya ulishuka kwa asilimia 66 ukilinganisha na hospitali ya Muheza, ambako mpango huo haukupelekwa.

Orodha ile ya ukutani naipenda kuliko vyote. Ugomvi mwingi dirisha la dawa hauanzi na tabia ya mtu. Mzazi ameambiwa mtoto chini ya miaka mitano hatibiwi kwa fedha, anafika anaambiwa "dawa hakuna, kanunue", na kwa kuwa hakuna aliyemweleza chochote, anaamini dawa ipo ila imeuzwa. Muuguzi naye amekwisha kuitwa mwizi mara kumi tangu asubuhi, na wa kumi na moja anamkuta ameshakasirika. Karatasi moja yenye majina ya dawa zilizokwisha, na tarehe zilipoagizwa, inawapunguzia wote wawili matusi.

Kuhusu chai, najua wapo watakaocheka. Wasicheke haraka. Zahanati zetu nyingi za vijijini zina watumishi wachache mno, na usiku mara nyingi ni mmoja tu: anapokea mjamzito, anasafisha, anaandika vitabu, na mtoto wa degedege akifika anaacha yote. Huenda amepangiwa Tura akitokea Rombo au Newala, hana ndugu, hajui Kinyamwezi wala Kisukuma zaidi ya "mwangaluka", na nyumba anayoishi mvua inaingia. Huyo naye ni mgeni aliyechoka njiani. Tukimtaka atutulie mzigo sisi, tuulize na wake ameuweka wapi.

Sisi wagonjwa na wazazi tuna yetu pia. Tunaruka foleni kwa kuwa tunamfahamu mwenyekiti. Tunafika watu sita na mgonjwa mmoja, kila mmoja na amri yake. Tunamwita muuguzi "wewe binti" kwa kuwa ana umri wa watoto wetu, wakati yeye ndiye aliyeshika roho ya mjukuu. Wengine siku hizi wanatoa simu na kuanza kurekodi kabla hawajauliza swali, na katika video hizo wagonjwa waliolala nyuma wanaonekana wakiwa nusu uchi. Mtumishi anayerekodiwa hatibu vizuri zaidi. Anatibu kwa kujilinda, na mtumishi anayejilinda hukimbilia kutoa rufaa hata pasipo ulazima.

Viongozi nao. Kumekuwa na mtindo wa kiongozi kufika kituoni na kamera, kumsimamisha muuguzi mbele ya wagonjwa na kumfokea kwa niaba ya wananchi. Wananchi hupiga makofi. Kesho yake muuguzi yuleyule yuko zamu, amefundishwa na mkubwa wake kwamba mwenye madaraka humfokea asiye nayo, na wa chini yake pale kituoni ni mama mwenye mtoto.

Sisemi makosa yafumbiwe macho. Bungoma, nchini Kenya, mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye hospitali ya umma, akapigwa na kutukanwa na waliopaswa kumsaidia. Alikwenda mahakamani, na Machi 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5 za Kenya. Kumpiga mgonjwa hakuna uchovu unaokuhalalisha. Ila kesi ile ilichukua miaka, na wengi wetu tunachohitaji ni pazia, maelezo, na mtu wa kutusikiliza wiki hii.

Kwa hiyo mzazi, ukimpeleka mtoto, nenda na majibu hata kama hujaulizwa vizuri. Sema homa ilianza siku gani, amepata degedege mara ngapi, ananyonya au hanyonyi, anatapika kila anachopewa au la. Chukua pakiti ya dawa uliyompa uiweke mezani. Kama ulipitia kwa mganga, sema, na sema alipewa nini. Ukiona aibu mbele ya watu, omba kuzungumza pembeni. Una haki ya kuomba hivyo. Mtoto aliyepata degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au kunywa, au aliyelegea haamki, huyo hasubiri foleni. Mwambie mtumishi wa kwanza unayemwona, na wanaokutangulia kwenye benchi wakupishe.

Ukitendewa vibaya, anza kwa Mganga Mfawidhi wa kituo. Asiposikia, yupo Mganga Mkuu wa Wilaya, na ipo namba 199 ya Wizara ya Afya ambayo hailipiwi. Kuna pia Kamati ya Usimamizi ya kituo, yenye wajumbe kutoka kwa wananchi, ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Muulize mwenyekiti wa kijiji mjumbe wenu ni nani. Taja tarehe, saa na lililotokea, acha kabila la muuguzi na ukoo wake. Na kama kuna muuguzi aliyekupokea vizuri usiku, peleka jina lake kwenye kamati hiyohiyo, maana vikao hivyo husikia majina ya wabaya tu.

Wajumbe nao wasingoje barua kwenye sanduku la maoni, ambalo mara nyingi ufunguo wake anao anayelalamikiwa. Wapite kwa akina mama waliojifungua mwezi uliopita, wakae nao nyumbani, wawaulize.