Kabla ya Rangi na Pilau, Hati

Ndugu mwanafunzi, leo naomba tugombane kidogo. Nataka kuipinga desturi ambayo wengi wetu hapa Uganda tunaipenda, na ambayo pengine wazazi wako wanaifuata wakati huu huu unaposoma. Mtu akishanunua nyumba yake ya kwanza, humtafuta fundi wa rangi. Kisha hubadilisha geti. Kisha huchinja mbuzi, hupika pilau, huwaita jamaa na majirani, na kiongozi wa dini huja kuibariki nyumba. Na hati je? Hati, wanasema, itashughulikiwa tukipata nafasi. Nasema wazi kwamba mpangilio huo ni mbovu, na ubaya wake hauonekani siku ya karamu. Huonekana miaka kumi baadaye, wakati muuzaji amekwisha kufariki na waliokula mbuzi hawakumbuki hata kama alikuwa na chumvi.

Jambo la kwanza la kufanya baada ya kununua nyumba ni kuhakikisha kwamba jina lako limeandikwa katika daftari la ardhi la serikali. Rangi itangoja. Mbuzi naye hatakasirika akiongezewa miezi miwili ya kuishi.

Kwa kuwa hapa ni darasa la Kiswahili, tuyapime maneno kwanza. Neno mkataba limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule uliotupa kitabu, katiba na katibu. Mkataba wa mauzo ni maandishi baina ya muuzaji na mnunuzi: mmoja ameahidi kutoa nyumba, mwingine ameahidi kutoa fedha. Hatimiliki ni kitu kingine kabisa. Hiyo ni maandishi ambayo kwayo serikali huwatangazia watu wote, hata wasiokujua, kwamba mali hii ni ya fulani. Wengi huyachanganya maneno haya mawili. Ukimwuliza mtu kama ana hati, hukuletea mkataba wenye mhuri wa mwenyekiti wa LC1, umekunjwa ndani ya bahasha ya kaki na kuhifadhiwa chini ya godoro.

Sheria yetu ya usajili wa hati haina fumbo katika jambo hili. Jina lililomo katika hati iliyosajiliwa ndilo ushahidi kamili wa umiliki, isipokuwa pale udanganyifu unapothibitishwa. Fomu ya uhamisho isiyosajiliwa haihamishi milki, hata kama imetiwa saini na mashahidi ishirini. Nayo nyumba hufuata ardhi iliyojengwa juu yake. Haina hati ya peke yake, ila vyumba vya magorofa vilivyotungiwa sheria yake mwaka 2001. Basi mtu aliyelipa fedha zote, akahamia, akapaka rangi na kulala humo, lakini hakusajili, mbele ya daftari bado ni mgeni katika nyumba ya muuzaji.

Simdharau mwenyekiti wa kijiji. Ni shahidi mwema: anawajua majirani, anajua mpaka ulipo, na saini yake ina faida mgogoro ukizuka. Lakini hana mamlaka ya kuhamisha ardhi. Tena wako wenyeviti wanaodai asilimia ya bei ya mauzo kabla ya kugonga mhuri, na wanunuzi hulipa wakidhani wamelipia umiliki. Wamelipia wino.

Tazama sasa linaloweza kutokea hati inapobaki katika jina la muuzaji. Muuzaji anaweza kwenda benki na kuiweka rehani. Benki italitazama daftari, itaona jina lake, itamkopesha na kuisajili rehani yake. Wewe utapata habari siku dalali wa mahakama atakapogonga geti lako jipya. Au atamwuzia mtu wa pili asiyejua lolote kuhusu wewe, naye mtu huyo, kwa kuwa hana karamu ya kuandaa, akaenda moja kwa moja kwa msajili. Utamwita mwizi, lakini kama alinunua kwa nia njema na kusajili, sheria itamlinda yeye, na wewe utabaki kumdai muuzaji ambaye fedha zako amekwisha kuzila.

Hata muuzaji mwaminifu hufa. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa haliletwi na uovu wa mtu. Akifariki kabla ya kutia saini fomu za uhamisho, watoto wake hawawezi kuzitia saini kwa niaba yake siku ya matanga. Ni lazima kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Ndugu wakigombana kuhusu nani awe msimamizi, mnunuzi hungoja ugomvi usiomhusu uishe. Nimemwona mjane akizunguka na mkataba wa marehemu mumewe kutoka ofisi moja hadi nyingine, akiwatafuta watoto wa muuzaji, mmoja yuko Arua, mwingine yuko ughaibuni, wa tatu anasema baba hakuwahi kuuza kitu. Mumewe alipewa miaka sita ya kwenda kusajili. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mara mbili.

Hapo wapinzani wangu huleta hoja ya gharama. Haya, tuhesabu. Ushuru wa stempu wa kuhamisha ardhi ni asilimia 1.5 ya thamani inayokadiriwa na mthamini wa serikali. Nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 80 itadaiwa shilingi 1,200,000, na juu yake ada ndogo za usajili pamoja na malipo ya wakili ukimtumia. Si fedha kidogo, nakubali. Lakini aliyepata milioni 80 akakosa milioni moja na nusu hajakosa fedha. Amezipangia kazi nyingine. Gharama ya usajili ni sehemu ya bei ya nyumba. Asiyeweza kuilipa na atafute nyumba ya bei ya chini kidogo.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Siku unapomaliza kulipa, usiondoke bila hati asilia, fomu za uhamisho zilizotiwa saini na muuzaji, picha zake na nakala ya kitambulisho chake. Hakikisha majina yako yameandikwa herufi kwa herufi kama yalivyo katika kitambulisho chako. Kisha nenda katika ofisi ya ardhi ya kanda inayohusika, iwe Wakiso, Mukono, Jinja, Masaka au Mbarara. Thamani ikishakadiriwa, lipa ushuru benki na utunze kila stakabadhi. Kama kuna jambo linalochelewesha uhamisho, weka zuio katika daftari, ili yeyote atakayelitazama ajue kwamba una dai. Na hati mpya ikitoka, lipia tena upekuzi wa daftari uone kwa macho yako kwamba jina lililomo ni lako.

Jina lako, nimesema. Lakini ni la nani hasa? Hapa nitawaudhi baadhi ya baba zetu. Mama ameuza nyanya sokoni miaka minane, fedha zake zimeingia katika matofali, na siku ya kusajili baba anakwenda peke yake na kurudi na hati yenye jina moja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya 2004, inakataza kuuza au kuweka rehani ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi. Ni kinga njema, ila hubidi kuipigania, na mara nyingi mapigano huanza wakati mnunuzi amekwisha kulipa. Majina mawili katika hati hayahitaji kupigania lolote. Wenzi wanaweza kumiliki kwa pamoja, ili mmoja akifariki mali yote ibaki kwa mwingine. Au wanaweza kumiliki kwa hisa, kila mmoja na fungu lake la kurithisha. Wachague wenyewe, lakini wachague siku hiyo.

Iko hali nyingine, na katika Buganda huenda ndiyo inayowahusu wengi wenu. Neno kibanja la Kiganda na neno kiwanja la Kiswahili ni ndugu, ila katika sheria wametengana. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliwagawia machifu na wakubwa wengine ardhi kwa maili za mraba, na ndiyo maana hadi leo tunaiita mailo. Aliyekaa juu ya ardhi hiyo ana kibanja: ana haki ya kukaa, na haki hiyo inalindwa, lakini hati ya ardhi iko kwa mwingine. Ukinunua nyumba iliyo juu ya kibanja, hukununua ardhi, hata kama dalali aliapa mbingu na nchi. Sheria ilivyorekebishwa mwaka 2010 inamtaka mwenye kibanja ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kukinunua. Asipofanya hivyo mauzo ni batili na haki yake juu ya kibanja hupotea. Kwako wewe, basi, safari ya kwanza ni kwa mwenye ardhi: atambue mauzo kwa maandishi, apokee busuulu kutoka mkononi mwako, akupe stakabadhi yenye jina lako. Baadaye unaweza kuomba cheti cha ukaaji. Lakini stakabadhi ya busuulu usiilaze hata wiki moja.

Najua jibu la mwisho: ofisi za ardhi zimejaa matapeli na rushwa. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Catherine Bamugemereire kuanzia mwaka 2017 ilisikiliza malalamiko mengi ya watu waliopokonywa ardhi, kwa hiyo sitadai kwamba hofu hiyo ni ya bure. Ila hoja hiyo inanipa nguvu mimi. Kama daftari linaweza kuchezewa, ni nani aliye hatarini zaidi: aliye na jina ndani yake na stakabadhi mkononi, au asiyejulikana humo kabisa? Nenda mwenyewe, lipa benki, usimkabidhi dalali hati asilia.

Likizo hii, mwombe mzee wako kwa adabu akuonyeshe hati ya nyumba mnayokaa. Akisema mambo ya ardhi si ya watoto, mwambie mwalimu ametoa kazi: kusoma hati moja ya kweli, ambayo bila shaka imeandikwa kwa Kiingereza, na kuieleza nyumbani kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mbele ya baba na mama. Tazama namba ya kiwanja, tazama ukurasa wa rehani, tazama jina. Ukikuta jina la mtu ambaye hakuna anayemjua nyumbani, usingoje shule ifunguliwe.