Mwachie Mfanyakazi Duka, Usimwachie PIN

Mvua ya Oktoba ikianza, wenye maduka wengi kutoka Runyenjes hadi Nkubu huwa na kazi mbili: kaunta na shamba. Mahindi na maharagwe hayangoji. Basi duka huachiwa mfanyakazi, na mara nyingi anaachiwa pia simu ya biashara na PIN yake. Ukiuliza, unaambiwa, "Huyu kijana namwamini."

Maoni yetu ni kwamba kumpa mfanyakazi PIN si kumwamini, ni kumtega. Siku shilingi 4,000 zikikosekana, rekodi itaonyesha kwamba PIN ilitumika, lakini haitaonyesha ni nani aliyeibonyeza. Wewe huwezi kuthibitisha, naye hawezi kujitetea. Unapoteza pesa, na pengine mtu mwaminifu pia.

Uzuri wa till ni kwamba pesa ya duka haichanganyiki na ya mfukoni. Mfanyakazi anahitaji kuona malipo yakiingia, ili asitoe bidhaa kwa meseji feki ya mteja. Uwezo wa kutoa pesa hauhitaji. Kama till yako inategemea simu moja tu, uliza huduma kwa wateja jinsi ya kumsajili msaidizi.

Kisha fungeni hesabu kila jioni, hata kama ni kwa simu. Tuseme droo ilianza na 3,000, mauzo ya keshi yakawa 7,300, na 1,000 ikalipa boda. Droo lazima iwe na 9,300. Mauzo ya till utayaona mwenyewe ukiwa shambani. Yeye akusomee yaliyo kwenye daftari, mlinganishe. Tofauti ikitokea, iulizwe usiku huo huo. Mwisho wa mwezi hakuna atakayekumbuka.

Wengine watasema huku ni kumchunga mtu mzima. Hapana. Hesabu ya kila siku inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na usisahau: leseni ya kaunti ina jina lako. Mteja akipunjwa au deni la muuzaji wa jumla likichelewa, wewe ndiye utakayetafutwa, hata ukiwa shambani. Kaunta unaweza kuiacha. Hesabu usiiache.