Shahidi Si Mshtakiwa

Kesi ikiahirishwa katika mahakama za Kayanga au Nkwenda, huku kwetu Kagera, hukumu ya kwanza hutolewa nje, chini ya mti. Huko ndiko husikika madai kuhusu namna shahidi anavyostahili kuhojiwa. Baadhi yake yanarudiwa mno hata yanaonekana kuwa sheria.

“Sheria inamruhusu wakili kumvua nguo shahidi.” Dai hili lina nusu ya ukweli, ndiyo maana halifi. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967, iliyochukua nafasi ya ile ya India ya 1872, inakubali kwamba katika maswali ya dodoso, yaani yale ya upande wa pili, shahidi aulizwe hata mambo yanayogusa tabia yake, ili ipimwe kama anaaminika. Wanaoitaja huishia hapo, wakati vifungu vinaendelea. Swali likihusu tabia tu, hakimu ndiye anayeamua kama shahidi alazimike kujibu. Anatazama kama tuhuma hiyo, ikiwa kweli, ingebadilisha imani ya mahakama kwake. Anatazama pia kama ni jambo la zamani mno, au kama aibu atakayobeba shahidi ni kubwa kuliko uzito wa anachokieleza. Na wakili hatakiwi kuuliza bila sababu ya msingi. Anayemuuliza mama wa watu kama alifukuzwa na mumewe kwa uzinzi, hana taarifa yoyote mkononi, anatumaini tu kitu kitanasa, amekwenda kinyume cha sheria hiyohiyo anayojitetea nayo. Mahakama inaweza kumripoti kwa wanaosimamia nidhamu ya mawakili.

“Huyu si wa hapa, hawezi kuaminika.” Hili ndilo letu, sisi tuliopakana na Uganda pale Murongo na kutenganishwa na Rwanda na mto Kagera. Nalitilia uzito kuliko mengine kwa sababu najua linavyouma. Watu wa huku wameoana kuvuka mipaka tangu kabla ya mipaka yenyewe, na Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, ile ya kuwasaka wahamiaji haramu, iliwaachia wengi hofu ya kuulizwa walikozaliwa. Sasa fikiria kesi ya mtu aliyekatwa panga kwenye migomba yake, na aliyeona ni kibarua wa shamba la jirani. Swali la kwanza la utetezi: “Babu yako alizaliwa wapi?” Kibarua anatetemeka, anajikanyaga, kisha kutetemeka huko kunatajwa kuwa dalili ya uongo. Lakini sheria haimtaki shahidi awe raia. Inataka aelewe maswali na aweze kuyajibu kwa akili timamu. Babu yake hana lolote la kusema kuhusu panga lile. Kama yuko nchini bila kibali, hilo lina njia yake, na mahali pake si katika dodoso la kesi ya mtu mwingine. Ukweli ni kwamba swali kama hilo halimpimi shahidi huyu peke yake. Linawaonya vibarua wote wa wilaya ya Kyerwa wasije kutoa ushahidi.

“Mlevi, au aliyewahi kufungwa, hasemi kweli.” Mahakama ya Rufani, katika shauri la Goodluck Kyando dhidi ya Jamhuri, ilishasema kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka ipatikane sababu nzito ya kutomwamini. Aliyetiwa hatiani kwa kughushi hati za shamba ana la kujibu akija kushuhudia kuhusu hati. Anayekunywa rubisi jioni aulizwe kama alikuwa amelewa saa ile, si kama hulewa. Tena shahidi akijibu swali la tabia, kwa kawaida jibu lake ndio mwisho. Upande wa pili hauruhusiwi kuleta watu wa kumkanusha, isipokuwa anapokana kwamba aliwahi kutiwa hatiani au kwamba ana upendeleo.

“Aliyebakwa lazima maisha yake yaanikwe, kwani ushahidi wake peke yake unaweza kumfunga mtu.” Hoja ya pili ni kweli: mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikiandika sababu zake. Kifungo cha kosa hilo ni kirefu mno, kwa hiyo mshtakiwa ana haki ya kuona ushahidi huo ukichujwa barabara. Mwathirika aulizwe kuhusu mwanga, umbali, muda, alimwambia nani kwanza na kwa nini alichelewa. Ni maswali makali na ni halali. Idadi ya wanaume aliowahi kuwa nao haimwambii hakimu kama alikubali usiku ule. Wakenya waliliona hilo mwaka 2006: sheria yao ya makosa ya kujamiiana inazuia maswali kama hayo mpaka mahakama iruhusu.

“Wakili anamtumikia mteja, hakimu hawezi kumkata kauli.” Anaweza. Swali lililokusudiwa kutukana au kuudhi, sheria inamtaka hakimu alikataze. Hata swali la haki, likiulizwa kwa lugha ya matusi pasipo haja, linakatazwa. Hakimu anayenyamaza huku bibi wa Kituntu akiitwa mchawi mbele ya wajukuu zake ameacha sehemu ya kazi yake. Naye bibi, wakili wa upande wake akiwa hajasimama kupinga, anaruhusiwa kugeuka na kuuliza: “Mheshimiwa, hili nalo nalazimika kulijibu?”