Usukani Mwepesi, Mzigo kwa Dereva



Katika gereji za mtaa wetu wa Cibitoke, huku kaskazini mwa Bujumbura (hatusemi Cibitoke ile ya mpakani na Kongo), kumezuka biashara mpya. Dereva anakuja na malalamiko kwamba gari lake halisemi na mikono yake. Usukani ni mwepesi kama wa mchezo wa watoto, na akifika kwenye mwendo mkubwa hajui kama magurudumu yameshika lami au yanaelea. Anaambiwa dawa ni moja tu: aondoe kompyuta ya usukani, aweke nyingine iliyo kali zaidi. Anatoa fedha. Baada ya siku tatu hana fedha na usukani ni ule ule, au umekuwa mbaya kuliko ule wa kwanza.

Wapo watakaouliza chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na vidude vya ndani ya gari. Anayeshika usukani huo ni mfanyakazi. Wanaobanana nyuma yake alfajiri kutoka Cibitoke, Mutakura na Kinama kwenda viwandani ni wafanyakazi. Mwenye gari wakati huo bado amelala.

Sisi tunasema hivi: dereva anayetaka kuihisi barabara anadai kitu cha haki, kwa sababu ni usalama wake na wetu. Lakini kompyuta ni kitu cha mwisho cha kugusa, si cha kwanza, na gharama yake haipaswi kutoka mfukoni mwa dereva.

Tueleze kwanza jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana ujinga wetu ndio mtaji wa walaghai. Magari ya zamani yenye usukani wa nguvu yalitumia pampu ya mafuta iliyozungushwa na mkanda wa injini. Pampu ile ilikula nguvu ya injini wakati wote, hata gari likienda moja kwa moja. Mwaka 1988 kiwanda cha Suzuki huko Japani kilitoa gari dogo la Cervo lenye usukani unaosaidiwa na mota ya umeme, na viwanda vingine vikafuata kimoja baada ya kingine. Mota hufanya kazi hasa pale dereva anapokata kona, kwa hiyo petroli kidogo inaokolewa. Sisi tuliokesha kwenye foleni za vituo vya mafuta hatuwezi kuudharau uvumbuzi huo.

Katika magari madogo kama Toyota Vitz, mota hiyo imefungwa kwenye mhimili wa usukani, juu ya miguu ya dereva. Ndani ya mhimili kuna chuma chembamba kinachojipinda kidogo sana dereva anapozungusha. Kipimo kinasoma mpindo huo na kupeleka habari kwa kompyuta. Kompyuta inaangalia pia mwendo wa gari, kisha inaamua mota isukume kwa nguvu kiasi gani. Gari likiegeshwa, msaada ni mkubwa. Likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, msaada hupunguzwa ili usukani uwe mzito na mikono itulie. Maana yake ni kwamba kati ya matairi na mikono amewekwa mkalimani. Na mkalimani, kama wajuavyo wenzetu waliowahi kujadiliana mishahara na wakurugenzi wa kigeni, hasemi yote aliyoyasikia.

Basi hao wanaouza dawa wanataka kumbadilisha mkalimani. Wanazo njia tatu. Ya kwanza ni kuchukua kompyuta ya gari la jina hilo hilo lakini la aina nyingine, lililopangwa kuwa na usukani mzito. Ya pili ni kuiandika upya programu iliyomo ndani ya kompyuta. Ya tatu ni kufunga kisanduku kidogo kinachoidanganya kompyuta juu ya nguvu ya mikono au juu ya mwendo wa gari. Hiyo ya tatu tunaikataa moja kwa moja. Kifaa kilichotengenezwa ili kusema uongo kwa usukani hakina nafasi katika gari lenye abiria. Ya pili inataka mtu aliyesoma kazi hiyo na mwenye mashine yake, si kijana mwenye simu na waya. Ya kwanza inawezekana, lakini ina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayorukwa.

Kompyuta iliyotolewa kwenye gari jingine haijui katikati ya usukani wa gari hili ni wapi. Baada ya kuifunga ni lazima ifundishwe: magurudumu yanyooshwe, mtu asiuguse usukani, na mashine ya uchunguzi iiambie kompyuta kwamba hapa ndipo sifuri. Fundi asipofanya hivyo, mota itaamini kwamba dereva anakata kona hali amenyoosha mikono, nayo itasukuma upande mmoja bila kuombwa. Dereva atashindana na gari lake kutwa nzima, na jioni mabega yanamuuma kama mtu aliyepakua magunia. Kuna na jambo la umeme. Mota hii ikifanya kazi kubwa huweza kuvuta amperi 50 na zaidi. Betri iliyochoka na nyaya zilizounganishwa kwa plasta haziwezi kuilisha, na kompyuta ikiona umeme umepungua hupunguza msaada au huukata kabisa.

Hata viwanda vikubwa vimeungua vidole hapo. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari yapatayo milioni 1.3 kwa sababu msaada wa umeme kwenye usukani uliweza kukatika ghafla gari likiwa njiani. Msaada ukikatika, usukani bado umeunganishwa na magurudumu kwa chuma, kwa hiyo gari linaweza kuongozwa. Lakini uzito wake ni mwingine kabisa, hasa mwendo ukiwa mdogo, na dereva hakuutegemea.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Magari mengi yanayolalamikiwa hayana kosa kwenye kompyuta. Viungo vya usukani vimelegea, shokamzoba zimekufa, matairi yalinunuliwa yakiwa yameshatumika Ulaya au Asia, moja la kampuni hii na jingine la kampuni ile, na upepo umejazwa kwa kukisia. Ukikifunga kidude kipya juu ya viungo vilivyolegea, umemvalisha mgonjwa koti.

Na juu ya yote kuna mzigo. Tazameni gari dogo linalopanda barabara ya Bugarama. Nyuma kumejazwa abiria na magunia mpaka bampa inakaribia kugusa lami, na pua imeelekea mawinguni. Uzito ukilala nyuma, magurudumu ya mbele hukanyaga kwa wepesi, na magurudumu yanayokanyaga kwa wepesi hayana habari ya kupeleka kwenye mikono. Hakuna kompyuta duniani inayoweza kuleta habari ambayo tairi halikuipata. Dereva anajua hivyo vizuri kuliko sisi. Anajaza kwa sababu jioni tajiri anangoja hesabu yake kamili, liwe jua au mvua, mafuta yamepatikana au hayakupatikana. Hesabu ya tajiri ndiyo inayoinua magurudumu ya mbele. Fundi hawezi kuirekebisha kwa bisibisi.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayowafanya baadhi ya madereva kuzima injini wakiteremka kutoka Bugarama ili kubana petroli. Tunawaelewa lakini hatuwaungi mkono hata kidogo. Katika gari la usukani wa umeme, injini ikizimwa msaada wa mota unaondoka, na breki nazo zinakuwa ngumu baada ya kukanyagwa mara chache. Mwenye kugeuza ufunguo mpaka mwisho na kuuchomoa anaweza kuufunga usukani wenyewe. Petroli inayookolewa katika mteremko ule haitoshi hata kununua jeneza.

Tusisahau pia kwamba magari mengi kati ya haya yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako watu huendesha upande wa kushoto. Yanashuka bandari ya Dar es Salaam na kuletwa kwetu, ambako tunaendesha upande wa kulia. Dereva anakaa kwenye ukingo wa barabara, na akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka nusu ya gari imeshatoka. Mtu aliyepungukiwa macho namna hiyo anahitaji mikono inayohisi. Ndiyo sababu hatuwacheki madereva wanaotafuta dawa. Tunawakasirikia wanaowauzia dawa isiyo dawa.

Juu ya malipo hatuna maneno mengi. Gari ni la tajiri, faida ni ya tajiri, basi na kiungo kibovu ni cha tajiri. Dereva anayekatwa siku zake kwa sababu gari lilikuwa gereji analipishwa kodi ya chuma kisicho chake. Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi anayejiondoa katika kazi kwa kuwa ana sababu ya kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake, alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa katika orodha ya mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inapaswa kuheshimu kanuni zake hata kama haijautia sahihi. Tunajua madereva wengi hawana hata karatasi ya ajira. Basi waanze na karatasi: kurasa moja tu, inayosema nani analipa matengenezo ya usukani, breki na matairi, na kwamba siku ya gereji haidaiwi hesabu. Madereva kumi wa kituo kimoja wakiileta kwa pamoja, tajiri ataisoma. Mmoja akiileta peke yake, kesho funguo ziko kwa mwingine.

Mafundi nao si maadui zetu. Kijana anayelala chini ya gari Cibitoke au Buyenzi kutwa nzima, mara nyingi bila mshahara ila chakula cha mchana, hakuuomba ujinga. Mashine ya uchunguzi ni ghali kwa gereji moja ya uchochoroni. Gereji tano zinaweza kuinunua kwa kuchangishana na kuitumia kwa zamu, na vijana wakajifunza kusoma makosa ya kompyuta badala ya kubahatisha kwa fedha za dereva. Wenzetu wa mashamba ya chai kule Teza na Rwegura, ambao kampuni huwa na karakana yake, wadai mafunzo hayo yawe sehemu ya kazi na yalipwe kama kazi.

Mpaka hayo yapatikane, kila dereva na afanye haya kabla ya safari ya kwanza. Awashe ufunguo atazame taa ya usukani: iwake, kisha izimike injini ikiwaka. Isipozimika, gari halitoki. Auzungushe usukani taratibu kushoto mpaka mwisho na kulia mpaka mwisho, asikilize. Apime upepo kwa kipimo, afuate namba iliyobandikwa kwenye mlango. Kisha aandike tarehe na alichokiona kwenye daftari, na daftari hilo likae ndani ya gari, si nyumbani kwa tajiri.